Neno Lililobaki kwa Mama Kengele

Basi lilipokata kona ya mwisho na kuingia mtaani kwao, Mama Mikate alikuwa wa kwanza kuona kwamba mlango wa nyumba yake umefunguliwa pande zote mbili. Ubao mmoja wa mlango ule haukuwa umefunguliwa tangu mume wake aanze kuugua, kwa sababu upepo ulimletea kikohozi. Sasa ulikuwa wazi kabisa, na nje palikuwa na viti vya plastiki, watu wamekaa, wengine wamesimama wameegemea ukuta.

Moyo wake uliruka. Alimshika mkono mwenyekiti wa kikundi chao cha hija, aliyekaa naye kiti kimoja, akamwambia, "Umeona? Ameamka. Watu wamekuja kumpongeza. Nimesikilizwa mwenzangu, nimesikilizwa."

Mwenyekiti aligeuza uso akatazama dirishani. Nyuma yao mahujaji walikuwa bado wanaimba wimbo wa kurudi nyumbani, wamechoka na sauti zimekauka, lakini wanaimba. Mama Mikate alishuka kabla basi halijasimama vizuri, anachechemea kwa malengelenge ya miguuni, rozari mpya mkononi, uso umejaa tabasamu. Tabasamu hilo ndilo alilowakuta nalo waombolezaji. Mpaka leo kuna watu mtaani wanaosema kwamba katika msiba ule wote hakuna kilichowaumiza kama kumwona akiingia uani anacheka, anauliza, "Yuko wapi huyo mgonjwa wenu?"

Wifi yake, dada wa mume wake, ndiye aliyetoka ndani akamkumbatia, akamwambia.

Mume wake alikuwa fundi saa. Chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilikuwa karakana yake: meza ndogo chini ya dirisha, taa ya kuinamisha, sahani za vioo zenye skrubu ndogo kama mbegu za mchicha, na ukutani saa za watu zinazosubiri wenyewe. Nyingine wenyewe hawakurudi tena. Alizitunza hivyo hivyo, akazitia ufunguo kila asubuhi, akisema hawezi kuiadhibu saa kwa kosa la mwenyewe. Pamoja na saa zote hizo, alikuwa mtu wa kuchelewa. Kanisani aliingia wakati wa mahubiri, na padre alimzoea hata akawa akimwona mlangoni anajua kwamba ameongea vya kutosha. Wazee wa kanisa walimtania kwamba saa zote alizonazo ni mbovu. Naye aliwajibu kwamba daktari naye huugua.

Mama Mikate alikuwa na tanuri nyuma ya nyumba. Aliamka kabla ya jogoo, akakanda, akachoma, na watu waliotoka misa ya kwanza walipitia kwake kuchukua mikate ikiwa ya moto. Hawakujaliwa mtoto. Walikuwa wawili tu, yeye na unga wake, mume na saa zake, wakitaniana kupitia ukuta mwembamba uliotenganisha karakana na jiko.

Moyo wa Fundi ulipoanza kumsumbua, na dawa zikawa nyingi kuliko chakula, kikundi cha parokia kilikuwa kinajiandaa kwenda kuhiji. Mama Mikate alisema haendi. Fundi ndiye aliyemsukuma.

"Nenda ukanisemee," alimwambia. "Mimi nikienda mwenyewe nitafika wamefunga."

Kisha akaacha utani. Alimwomba akae kitandani karibu naye, akamwambia kwamba asimwombee kupona. Kupona ni juu ya Mungu, na daktari ameshasema alichosema. "Niombee nisiogope," alisema. "Hilo tu. Usiku naogopa, na naona aibu mtu mzima kama mimi." Na kwa kuwa hakuweza kukaa kwenye huzuni kwa muda mrefu, aliangalia chini ya kitanda, akaona viatu alivyonunuliwa mke wake kwa ajili ya safari, akamwambia asivivae, kwa maana viatu vipya na njia ndefu havijapata kupatana. Mama Mikate akamwambia yeye ni fundi saa, mambo ya viatu awaachie wenye viatu.

Alivivaa. Na kuhusu ile sala, alifanya vile vile.

Kwa sababu alipofika mahali pale patakatifu, alipopiga magoti kwenye sakafu baridi na kuona mishumaa ya watu wengi inavyoyeyuka pamoja, ulimi wake ulikataa kuomba kitu kidogo. Alijiambia kwamba kumwombea mume asiogope ni kama kukubali kwamba anakufa. Aliomba apone. Aliomba hivyo kwenye Njia ya Msalaba, kila kituo, na katika maandamano, na mbele ya Ekaristi, mpaka maneno yakawa hayana ladha tena mdomoni, bado akaomba. Alikuwa kama mtu aliyetumwa dukani kununua chumvi akarudi na sukari, akitumaini kwamba aliyemtuma atafurahi zaidi.

Kikundi chao kilikuwa na desturi moja ambayo vikundi vingine viliiona ngumu. Kwenye lango la mahali pa hija, kila mmoja alizima simu yake na kuiweka kwenye kikapu cha mwenyekiti. Mpaka siku ya kuondoka walikaa katika ukimya, hawaongei ila kwa sala na nyimbo. Simu ya mwenyekiti pekee ndiyo iliyobaki inawaka, na namba yake iliachwa majumbani kwa ajili ya dharura.

Mwenyekiti huyo ndiye waliyemwita Mama Kengele, kwa sababu ya kengele ndogo ya shaba aliyoipiga kuwakusanya, na aliipiga kwa ukali. Ukimya ule aliulinda kama mama anavyolinda usingizi wa mtoto mchanga. Alikuwa rafiki wa Mama Mikate kuliko wote. Walikaa benchi moja kanisani tangu wakiwa wasichana, na mkate wa kwanza kutoka tanurini kila asubuhi ulikuwa wake.

Kwamba Fundi alifariki wakiwa huko, na kwamba Mama Kengele aliambiwa, na kwamba alikaa na habari ile kifuani katika misa ya mwisho na safari nzima ya basi, hilo Mama Mikate angeweza kulimeza. Alijiambia mwenyewe: ni nani anayeweza kumwambia mtu neno kama hilo njiani? Walimngoja, walizika naye akiwepo, alimwona uso wake. Katika siku za maombolezo Mama Kengele alikuja, akaosha vyombo, akalala chini kwenye mkeka pamoja na wengine.

Lakini baada ya mazishi, wakiwa wanakunja mashuka ya mgonjwa, wifi alisema neno bila kujua uzito wake. Alisema kaka yake alimtafuta mkewe siku moja kabla ya kufariki. Aliomba apigiwe simu amsikie sauti. Wifi akapiga kwa Mama Kengele, na Mama Kengele akaongea naye.

"Akaongea na nani?" Mama Mikate aliuliza.

"Na kaka. Waliongea kidogo. Alimwambia uko kwenye maandamano. Nilidhani alikuambia, wifi yangu."

Mama Mikate aliweka shuka chini. Wifi alipotaka kuendelea, kueleza kaka yake alivyokuwa na alichosema, alimzuia kwa mkono. Hakutaka kusikia. Sauti ya mume wake ilifika mpaka pale alipokuwa, ikagonga, na mtu mwingine akaipokea mlangoni akairudisha. Angetolewa tu kwenye mstari, angepewa ile simu, angemwambia hata neno moja. Hata kama ni kugombana juu ya viatu.

Tangu siku hiyo Mama Kengele hakupata mkate. Hakukuwa na ugomvi, hakuna aliyepandisha sauti. Alikuja asubuhi ya kwanza, akasimama pale dirishani kama kawaida yake, na Mama Mikate akampa mgongo, akaendelea kupanga mikate kwenye trei hadi mwenzake alipoondoka. Watu waliokuwa kwenye foleni waliangalia chini. Siku zilizofuata Mama Kengele alipita njia nyingine.

Na jambo jingine likaanza. Kila aliposali Baba Yetu, Mama Mikate alifika kwenye maneno ya kuwasamehe waliotukosea, akakwama. Si kwamba aliamua. Sauti ilimwishia tu, kama taa inavyoishiwa mafuta. Alinyamaza wenzake wakapita, kisha akaungana nao kwenye maneno ya usitutie katika kishawishi. Katika rozari, ambapo sala hiyo inarudi na kurudi, alijikuta anaogopa kufika kwake kama mtu mwenye jino bovu anavyoogopa upande mmoja wa mdomo. Alikwenda kwa padre akaungama. Padre alimsikiliza hadi mwisho na hakumkaripia. Alimwambia kwamba ni afadhali anyamaze pale kuliko kumdanganya Mungu, ila asiiache sala yenyewe. Aifikie kila siku hiyo sehemu, asimame, angoje. Mama Mikate alitoka hajafarijika, lakini alitii.

Saa za ukutani nazo zilisimama moja baada ya nyingine, kwa kuwa hakuna aliyezitia ufunguo. Aliacha mlango wa karakana umefungwa.

Baada ya kila hija, wale waliokwenda walikuwa na kawaida ya kutembeleana Jumapili alasiri, nyumba kwa nyumba, kushukuru pamoja. Mwenye nyumba anatoa ushuhuda wa alichokipata huko, wanasali, wanakunywa chai. Zamu ya Mama Mikate ilipofika alijaribu kuiahirisha, akasingizia tanuri, akasingizia mafua. Wifi, ambaye alikuwa bado anakaa naye, alimwambia kwamba asipowapokea watu wa Mungu nyumbani ataishia kuongea na unga. Basi akawapokea.

Walijaa sebuleni. Mama Kengele alikuja pia, kwa kuwa mwenyekiti hawezi kukosa, akakaa kwenye kigoda karibu na mlango wa karakana, mkoba umekaa magotini kama mtu aliye kituoni anangoja gari. Kulikuwa na utani kidogo mwanzoni. Mwashi mmoja mnene alichokozwa juu ya kukoroma kwake kule bwenini; wakasema yeye ndiye pekee aliyevunja ukimya wa hija, tena usiku kucha, na Mama Kengele hakumpigia kengele. Mwashi akajibu kwamba ile ilikuwa sala ya moyoni imetoka kwa njia ya pua. Watu wakacheka kwa staha, macho wakiyaelekeza kwa mjane kuona kama inaruhusiwa. Naye akatabasamu ili wasione vibaya.

Ilipofika zamu ya ushuhuda alisimama, mikono ameikunja juu ya kanga aliyojifunga. Alikuwa amepanga kusema machache ya kawaida, kwamba anashukuru kwa yote. Alipotaka kuyasema, akaona yako mbali.

"Mume wangu alinituma," alisema. "Aliniambia nimwombee asiogope. Mimi niliona ni kidogo. Nilimwombea apone. Sikuomba alichoniagiza hata mara moja. Sasa sijui alikufa anaogopa au vipi, na simu..." Hakumaliza. Alikaa.

Kisha mwashi, ambaye hakujua afanye nini kingine, alianza Baba Yetu, na wote wakaitikia.

Mama Mikate aliifuata sala akijua inakompeleka. Walipofika pale, sauti yake iliishia mahali pale pale inapoishia siku zote. Akangoja, kama alivyoambiwa. Na katika kungoja, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa kimya, aliweza kusikia wengine. Aliisikia sauti nzito ya mwashi, sauti ya wifi inayotetemeka. Sauti moja aliyoijua kuliko zote, iliyokaa sikioni mwake tangu usichana kwenye benchi lile, haikuwepo. Aliinua macho. Mama Kengele alikuwa ameufumba mdomo, anatazama sakafu. Naye hakuweza kupita hapo. Wakaingia wote wawili pamoja kwenye kishawishi.

Watu walipokwisha kunywa chai na kuaga, Mama Kengele alibaki anakusanya vikombe. Labda ni mazoea tu, kwa maana ndivyo alivyofanya katika nyumba ile miaka yote. Mama Mikate alisimama mlangoni mwa jiko akamwangalia. Alikuwa anafikiri juu ya kutumwa. Huyu aliombwa sauti ya mtu, akaona sala ni bora zaidi. Na yeye aliombwa sala moja, akaona nyingine ni bora zaidi. Wote wawili walimpenda Fundi, na hakuna aliyemsikiliza. Hilo halikupunguza uchungu. Lakini lilimfanya avute kigoda akakaa.

"Alikuambia nini?" aliuliza.

Mama Kengele aliweka vikombe chini polepole. Alisema kwamba neno hilo amelibeba tangu siku ile, na kila asubuhi aliyopita njia nyingine lilizidi uzito. Alisema alimdhania mgonjwa yuko kama siku zote, kwamba Mama Mikate angemkuta hai. Alimwona mwenzake kwenye maandamano, amefumba macho, anasali kama mtu anayening'inia kwenye kamba, akaogopa kumkata. "Sikukufikiria wewe wala yeye," alisema. "Nilifikiria ule ukimya. Nilitaka utimie vizuri. Mungu anisamehe."

"Alikuambia nini, dada?"

"Aliuliza kama umevaa vile viatu vipya."

Mama Mikate aliitazama miguu yake.

"Nikamwambia umevaa, na unachechemea. Akasema, 'Nilimwambia.' Akacheka kidogo, ikamkohoza. Kisha akasema nikutafutie maji ya chumvi uloweke miguu jioni. Nikamwahidi. Hata hilo sikulifanya."

Wifi aliyekuwa anafuta meza aliacha kufuta. Nje mtu alipita akiburuta kitu kizito barabarani, sauti ikaenda mpaka ikapotea.

"Alikuwa anaogopa?" Mama Mikate aliuliza.

Mama Kengele angeweza kudanganya. Wengi wangedanganya, na isingekuwa dhambi kubwa. Alimtazama rafiki yake usoni. "Alikuwa anaogopa," alisema. "Aliniambia mwenyewe. Akasema usiambiwe."

Mama Mikate aliinama akajifunika uso kwa ncha ya kanga. Alilia kama hakuwahi kulia tangu mazishi, bila maneno, mabega yakipanda na kushuka. Hawakumgusa. Alipotulia kidogo, wifi alisogea akachuchumaa mbele yake. Alisema kuna jambo alijaribu kumwambia siku ile ya mashuka, akazuiwa, na baadaye akaona ni la kitoto. Baada ya ile simu, kaka yake alimwomba aende karakana akazitie ufunguo saa zote, hata zile za watu wasiorudi, na aache mlango wazi. Alitaka kuzisikia. Wifi alizitia moja moja, na kaka akawa anazitaja kutoka kitandani kwa sauti zao, hii ya mwalimu, hii ya yule mjane wa mtaa wa juu, hii imechelewa kidogo ikaze. Alisinzia akizisikiliza. Hakuamka tena vizuri.

"Lakini aliogopa," Mama Mikate alisema.

"Aliogopa," wifi alikubali. "Baadaye akasinzia."

Ndivyo ilivyokuwa, na hakuna aliyeweza kuigeuza. Mama Mikate alikaa na jambo hilo magotini, kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake amshike. Kisha aliinuka, akaenda kwenye mlango wa karakana, akauvuta. Ulikuwa umeng'ang'ania kwa kukaa. Vumbi lilikuwa limetanda kwenye meza na kwenye vioo, na saa zilikuwa zimesimama, kila moja na wakati wake. Funguo zilikuwa kwenye kopo la siagi, pale pale.

Alitoa mmoja, akamnyooshea Mama Kengele bila kumtazama. "Upande ule ni wako," alisema. "Usikaze sana. Alikuwa hapendi zikazwe sana."

Walifanya kazi bila kuongea, mmoja ukuta huu, mwingine ukuta ule, wifi akiwashikia kigoda. Saa moja iliamka, kisha nyingine, chumba kikajaa zile sauti ndogo ndogo za chuma. Hakuna aliyejua kuzirekebisha zisome sawa. Aliyejua alikuwa kaburini. Waliziacha zihesabu kila moja makosa yake.

Mama Mikate alifika kwenye ya mwisho, ile ya mjane wa juu, akasimama mbele yake ufunguo mkononi. Alianza Baba Yetu kwa sauti ya chini. Wenzake waliungana naye. Alipofika pale alisimama, akangoja, na Mama Kengele nyuma yake akangoja pia, saa zote zikiendelea. Halafu Mama Mikate alisema yale maneno. Aliyasema kama mtu anayekanyaga chini kwa mguu wenye lengelenge, polepole, akisikia maumivu ya kila hatua, na hakuwa na hakika kama kesho ataweza tena.

Nyuma yake, sauti ya Mama Kengele ilimfuata, inakwaruza, imechelewa kidogo.